Uwanja wa ndege unaitaka nyumba yetu: una nguvu gani kisheria, na sisi tuna haki gani?

Swali: Tunaishi Kentucky tangu tulipohamia Marekani kutoka Uvira. Nyumba tuliinunua kwa mkopo wa benki miaka minne iliyopita. Sisi tunakaa juu, chini tumempangisha kijana mmoja, na mke wangu anasuka nywele za wateja katika chumba cha mbele. Sasa mamlaka ya uwanja wa ndege imetuandikia kwamba inahitaji kiwanja chetu kwa upanuzi na kwamba mthamini atapita. Jirani wa mtaa wa pili hakuambiwa ahame, ila ameletewa hati asaini ili ndege zipite juu ya paa lake. Mamlaka hii si serikali ya jimbo wala ya Washington. Inapata wapi nguvu ya kumtoa mtu kwake? Tukikataa, itakuwaje?

Jibu: Ndugu yangu, nguvu hiyo ipo, na ni heri mlijue hilo mapema ili msipoteze miezi ya kwanza, ambayo ndiyo yenye thamani, mkibishana juu ya jambo ambalo mahakama haitawapa. Kuuzuia upanuzi wa uwanja ni vigumu sana. Bei mtakayolipwa, fedha za kuhama, muda wa kuondoka na maneno ya hati mtakazosaini ni mambo mengine kabisa. Huko mna nguvu, na watu wengi huiacha mezani kwa kutojua.

Mamlaka ya uwanja imeazimwa nguvu zake na bunge la jimbo. Sura ya 183 ya sheria za Kentucky inaruhusu mji au kaunti, au vyote viwili kwa pamoja, kuunda bodi ya uwanja wa ndege. Bodi hiyo ni mtu mbele ya sheria: inashtaki na kushtakiwa, inamiliki ardhi, inapangisha majengo, inatoza ada, inakopa kwa kuuza hati fungani, na ikishindwa kununua ardhi kwa maelewano inaweza kwenda mahakamani kuitwaa. Kwingine sura ni tofauti. Uwanja wa O'Hare, kwa mfano, uko chini ya idara ya mji wa Chicago, na mji huo ulipopanua njia za kurukia ndege ulichukua mamia ya nyumba katika mji jirani wa Bensenville, nje ya mipaka yake wenyewe, na ukahamisha hata makaburi ya kanisa. Bensenville ulipigana mahakamani kwa miaka. Nyumba zilibomolewa.

Hapo Kentucky kwenyewe, mpango wa kupanua uwanja wa Louisville ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 uliwahamisha wakazi wa Standiford, Highland Park na Prestonia. Kuna funzo jingine katika historia hiyo hiyo: wakazi wa mji mdogo wa Minor Lane Heights, waliokuwa wakiteswa na kelele, walijadiliana wakiwa pamoja na wengi wao wakahamia kitongoji kipya kilichojengwa kwa ajili yao, ambacho leo ni mji wa Heritage Creek. Majirani wanaokaa pamoja hupata mambo ambayo mwenye nyumba mmoja hayapati.

Nguvu ya kutwaa ina mipaka mitatu: matumizi ya umma, ulazima, na fidia ya haki. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Kelo dhidi ya mji wa New London, iliruhusu ardhi itwaliwe kwa ajili ya maendeleo ya uchumi. Majimbo mengi yalishtuka, na mwaka uliofuata Kentucky ilibana tafsiri ya matumizi ya umma katika sheria zake. Lakini njia ya ndege, usalama wake na barabara zake ni matumizi ya umma bila ubishi. Pingamizi linaweza kuwa na uzito ikiwa ramani inaonyesha kwamba kiwanja chenu kitapewa kampuni binafsi kwa ghala au hoteli. Kwa hiyo ombeni ramani. Kila uwanja unaopokea fedha za serikali kuu una mchoro wa mpangilio uliopitishwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, pamoja na ramani ya ardhi yote ya uwanja. Andikeni barua mkidai nakala ya sehemu inayogusa kiwanja chenu.

Mara nyingi jibu la "kwa nini nyumba yangu?" liko kwenye mchoro huo. Mbele ya kila njia kuna eneo la ulinzi lenye umbo la trapeza. Kwa njia inayotumia mitambo ya kutua kwa usahihi wa juu, eneo hilo lina urefu wa futi 2,500, upana wa futi 1,000 upande wa njia na futi 1,750 upande wa nje. FAA hutaka uwanja ulimiliki eneo hilo na lisiwe na nyumba za watu, kwa sababu ndege inayokosea kupaa au kutua huangukia huko. Mkiwa ndani ya mistari hiyo, msitumie fedha kupinga haki ya kutwaa.

Sasa kuna jambo linalowaponza wengi waliotoka kwetu. Congo, tangu sheria ya 1973, udongo ni mali ya dola. Tanzania, ardhi ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Mtu aliyekulia huko akipata barua yenye nembo huona amri. Kentucky mwenye kiwanja ndiye mwenye ardhi yenyewe, na barua mliyopata ni mwanzo wa ununuzi. Katiba ya jimbo na ya Marekani zinataka mlipwe, na sheria ya jimbo inamlazimu mtwaaji ajaribu kwanza kununua kwa nia njema kabla ya kwenda mahakamani.

Kuna sheria mbili zinazokwenda sambamba, na ni lazima mzitenganishe kichwani. Ya kwanza ni ya Kentucky, vifungu 416.540 hadi 416.680, inayosema jinsi kesi inavyokwenda. Ya pili ni sheria ya shirikisho ya 1970 kuhusu ununuzi wa ardhi na msaada wa kuhamisha watu, ambayo hushika popote penye fedha za serikali kuu katika mradi, na miradi ya viwanja vya ndege karibu yote inazo. Sheria ya kwanza inalipa nyumba. Ya pili inawalipa nyinyi mnaohama, juu ya bei ya nyumba.

Anzeni na mthamini. Kabla ya kesi kufunguliwa, watu wa mamlaka wana haki ya kuingia kupima na kuthamini, mradi mwenye ardhi amepewa taarifa siku 10 kabla, na wakiharibu kitu wanalipa. Sheria ya shirikisho inawapa nyinyi haki ya kufuatana na mthamini anapokagua. Itumieni. Mwandalieni bahasha yenye risiti za paa jipya, tanuri la kupashia joto, madirisha, na kibali cha ujenzi wa chumba cha chini. Chumba cha chini kilichokamilishwa bila kibali ndicho kinachoangusha bei mara nyingi, kwa sababu mthamini anaweza kukihesabu kama ghala. Mpeni pia bei za nyumba zilizouzwa karibuni mtaani. Msikubali makadirio ya kodi ya kaunti yatumike kama bei. Hayo yana kazi nyingine. Tena, ikiwa bei za mtaa zimeshuka kwa sababu habari za upanuzi zimeenea, mthamini haruhusiwi kuzihesabu dhidi yenu. Sheria ya jimbo na ya shirikisho zote zinataka athari ya mradi wenyewe iwekwe kando.

Baada ya hapo mamlaka lazima iwape ofa kwa maandishi, isiyopungua thamani iliyopitishwa na mthamini wake, pamoja na maelezo ya jinsi ilivyofikiwa. Mnatakiwa kupewa muda wa kutosha kuitafakari na kuleta hoja zenu. Taarifa hizi zinapaswa kuandikwa kwa lugha nyepesi, na asiyeweza kuzisoma au kuzielewa lazima apewe tafsiri na ushauri unaofaa. Ombeni Kiswahili kwa maandishi, mapema, na msimfanye mtoto wa shule kuwa mkalimani wa hati za nyumba. Mtoto hutafsiri anachokielewa na kuruka asichokielewa, na kinachorukwa ndicho chenye gharama.

Hesabu yenyewe huwa hivi. Tuseme nyumba imethaminiwa dola 180,000 na deni la benki limebaki 150,000. Benki inalipwa kwanza, nyinyi mnabaki na 30,000. Wengi hudhani mambo yameishia hapo. Sivyo. Mamlaka inatakiwa iwaonyeshe nyumba nyingine inayolingana na yenu, salama na inayofaa kukaliwa, iliyoko sokoni kweli, na ikiwezekana iwaonyeshe tatu. Ikiwa ya kulingana inauzwa 205,000, tofauti ya 25,000 ni haki yenu. Mkinunua ya 195,000 mtapata 15,000 tu, kwa kuwa inalipwa tofauti mliyoitumia. Katika fungu hilo hilo huingia gharama za kufunga ununuzi na fidia ya riba, ikiwa mkopo wa zamani ulikuwa wa asilimia ndogo na mpya ni mkubwa, mradi mkopo wa zamani uliishikilia nyumba kwa siku 180 au zaidi kabla ya mazungumzo kuanza. Kikomo cha fungu lote, tangu kanuni mpya za 2024, ni dola 41,200. Hapo awali kilikuwa 31,000, na karatasi za zamani zenye kiasi hicho bado zinazunguka. Kama hakuna nyumba ya kulingana ndani ya kikomo, mamlaka inaruhusiwa, na kwa kweli inalazimika, kuvuka kikomo hicho.

Kwa kuwa mna mpangaji, hesabu ya tofauti itashika sehemu mnayokaa nyinyi, si jengo zima. Hilo hushtua watu, basi liulizeni mapema na mwombe hesabu kwa maandishi.

Sharti la kupata fungu hilo ni kwamba mwe mmekaa katika nyumba yenu wenyewe kwa siku 90 kabla ya mazungumzo ya ununuzi kuanza. Miaka minne inatosha mara nyingi. Lakini sikilizeni hili kwa makini: msihame kabla ya kupewa taarifa ya maandishi kwamba mnastahili. Familia hupata barua ya kwanza, hofu ikawaingia, wakakodi nyumba kwingine ili wawe tayari, na wakapoteza haki kwa sababu siku mazungumzo yalipoanza rasmi hawakuwa wakikaa pale. Hakuna wa kuwaamuru mwondoke bila notisi ya angalau siku 90. Nyumba mpya lazima ikaguliwe na mamlaka kabla hamjalipwa tofauti, basi wekeni ukaguzi huo kama sharti katika mkataba wa kununua. Mna mwaka mmoja wa kununua na kuhamia, na miezi 18 ya kuwasilisha madai. Gharama za kubeba mizigo ni fungu jingine, nje ya hilo la 41,200.

Kijana anayepanga chini naye ana haki zake mwenyewe. Kama amekaa siku 90, anaweza kulipwa hadi dola 9,570. Wanahesabu tofauti kati ya kodi anayolipa, au kiasi anachokimudu kwa kipato chake, na kodi ya mahali pa kulingana, mara miezi 42. Mwambieni asiondoke mapema, na msimtoe kwa kudhani nyumba tupu itawarahisishia. Mkataba wa upangaji ulioandikwa na risiti za kodi ndio ushahidi wake. Kama hamjaandikiana, andikianeni hali halisi ilivyo, bila kurudisha tarehe nyuma. Kurudisha tarehe ni kughushi.

Kazi ya mama nayo inaweza kuhesabiwa kama biashara inayohamishwa: hadi dola 33,200 za kuianzisha upya, au badala ya madai ya kina, malipo ya mkupuo kati ya dola 1,000 na 53,200 yanayofuata wastani wa faida ya miaka miwili. Tatizo ni karatasi. Mapato ambayo hayakuandikwa kwenye fomu za kodi hayatahesabiwa. Leseni ya jimbo na kanuni za mji kuhusu biashara ya nyumbani nazo zitaangaliwa, kwa hiyo zungumzeni na mhasibu kabla ya kujaza madai.

Kuhusu makaratasi ya uhamiaji, tangu 1997 sheria ya shirikisho inamnyima malipo ya kuhama mtu asiye na ukaaji halali, na kila mhamaji hutakiwa kuthibitisha hali yake. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi, mwenye kadi ya kijani na raia wako salama. Ikiwa ndani ya nyumba yuko asiye na karatasi, familia haipotezi yote, lakini hesabu hupunguzwa kwa sehemu yake, isipokuwa ikithibitishwa kwamba mke, mume, mzazi au mtoto wake aliye raia au mkaaji wa kudumu ataumia kupita kiasi. Hapo mwoneni wakili wa uhamiaji kabla ya kusaini kitu chochote. Bei ya nyumba yenyewe ni fidia ya kikatiba na haifuati sheria hii.

Mkikataa ofa, mamlaka itafungua kesi katika mahakama ya mzunguko ya kaunti. Jaji huteua makamishna watatu, wakazi wa kaunti wenye ardhi wasio na upande, waende kuitazama nyumba na kutoa taarifa ya thamani ndani ya siku 15. Kisha mnaletewa wito. Mna siku 20 za kujibu, na hapa ndipo pekee pa kupinga haki yenyewe ya kutwaa. Siku 20 zikipita kimya, mlango huo umefungwa. Hukumu ya awali ikitoka, mamlaka inaweka kiasi cha makamishna kwa karani wa mahakama na kuchukua umiliki. Kuanzia tarehe ya hukumu hiyo mna siku 30 za kuweka pingamizi juu ya kiasi, na mkifanya hivyo bei itaamuliwa upya na baraza la raia wa kawaida walioitwa na mahakama (jury). Fedha zilizowekwa mnaweza kuomba kuzichukua huku mkiendelea kudai zaidi. Jueni lakini kwamba mamlaka nayo inaweza kuweka pingamizi, na baraza likisema thamani ni ndogo kuliko ya makamishna, mnaweza kudaiwa kurudisha tofauti. Msizitumie zote.

Wakili mnalipa wenyewe, hata mkishinda bei ya juu zaidi. Gharama zenu hurudishwa mamlaka ikishindwa kuthibitisha haki ya kutwaa au ikiacha mradi katikati. Kwa hiyo tafuteni wakili wa kesi za ardhi atakayekubali asilimia ya nyongeza tu, yaani kiasi kinachozidi ofa ya kwanza ya maandishi, na mkataba wake useme hivyo waziwazi. Wakili anayetaka asilimia ya fidia nzima anajilipa kwa kazi ambayo mthamini wa mamlaka alikwisha kuifanya. Mgogoro juu ya fedha za kuhama una njia yake, rufaa ndani ya mamlaka yenyewe, na mnapewa angalau siku 60 tangu mpate uamuzi wa maandishi.

Upande wa kodi, malipo ya kuhama si mapato na hayatozwi kodi ya shirikisho. Faida ya kuuza nyumba mnayokaa husamehewa hadi dola 250,000 kwa mtu mmoja na 500,000 kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja, mkiwa mmeimiliki na kuikaa miaka miwili kati ya mitano. Sehemu iliyopangishwa huhesabiwa tofauti.

Sasa jirani yenu. Anachoombwa ni haki ya kupita angani, na juu ya karatasi ataona maneno Avigation Easement. Asisaini mezani. Hati hiyo hufunga kiwanja milele na hurithiwa na kila atakayekinunua. Kwa kawaida inaruhusu ndege kupita kwa urefu fulani, kelele, mtetemo, moshi na vumbi, inazuia kujenga au kupanda miti kupita kimo fulani, na inawapa watu wa uwanja ruhusa ya kuingia kukata miti hiyo. Hii ni mali, na inauzwa kwa bei. Mwaka 1946, katika kesi ya mfugaji wa kuku karibu na Greensboro, North Carolina, aliyepitiwa na ndege za kijeshi futi 67 juu ya nyumba yake, Mahakama Kuu ilisema kupita chini namna hiyo, mara kwa mara, ni kutwaa. Mwaka 1962, katika kesi ya Griggs dhidi ya kaunti ya Allegheny, ikasema anayelipa ni mwenye uwanja, si shirika la ndege wala Washington. Ndiyo maana mamlaka hutaka saini: saini ni kuifuta kesi hiyo kabla haijazaliwa.

Mara nyingi hati huambatanishwa na zawadi ya madirisha mazito na vizuia sauti kwa nyumba zilizo ndani ya mstari wa desibeli 65 za wastani wa mchana na usiku, lengo likiwa kushusha sauti ya ndani hadi 45. Hilo ni jambo jema, lakini jirani na aulize kama thamani ya kazi inalingana na anachokitoa. Adai hati itaje kimo cha chini cha ndege na kiwango cha kelele, ili vikizidi siku za mbele haki yake ya kudai irudi. Benki yake pia lazima ijulishwe. Asitumie nguvu zake kuiomba mamlaka ipige marufuku ndege za usiku, kwani baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya 1973 katika kesi ya mji wa Burbank na sheria ya shirikisho ya kelele ya 1990, ratiba na njia za angani ziko karibu kabisa nje ya mikono ya wenyeji.

Kama mradi hautaanza ndani ya miaka 8 tangu hati ya mauzo au tangu wachukue umiliki, kipi kilitangulia, kifungu cha 416.670 kinampa aliyetwaliwa haki ya kununua tena kwa bei ile ile aliyolipwa. Hifadhini hati, hukumu na tarehe zake mahali ambapo watoto wenu wanapajua.